Kukisia kwa Rula

Kampuni ikitangaza kwamba mchezo wake wa mtandaoni una watu milioni moja, mkadiriaji hodari hashangilii wala habishi. Anauliza tu: milioni moja ya nini? Akaunti zilizofunguliwa tangu siku ya kwanza, zikiwemo za waliocheza nusu saa wakaondoka? Nakala zilizopelekwa madukani? Wahusika walioumbwa, ilhali mchezaji mmoja anaweza kuwa nao kumi? Au watu ambao mwezi huu wametoa fedha mfukoni wakalipa? Hiyo ya mwisho ndiyo anayoitafuta, na ndiyo ambayo kampuni nyingi huona tabu kuitaja.

Fani hii ni ndogo, na mabingwa wake wanahesabika kwa vidole. Kazi yao ilikuwa kukadiria idadi ya walipa ada, pamoja na mgawo wa soko, katika ile michezo ya kuigiza ambamo maelfu ya watu huingia kwenye dunia moja ya kubuni, wakapigana na majoka, wakachuuza, wakaunda vyama na kugombana. Hakuna chuo kilichoifundisha kazi hiyo. Nimeipenda kwa sababu ni kazi ya kujua kitu ambacho wenyewe wamekificha, bila kuiba na bila kudanganya.

Ultima Online ilipofunguliwa Septemba 1997, na EverQuest ilipofuata Machi 1999, biashara ilikuwa rahisi kueleza. Unanunua diski dukani, mwezi wa kwanza unacheza bure, kisha unalipa kama dola 10 kila mwezi. Ukiacha kulipa, mlango unafungwa. Kwa hiyo namba moja ilibeba karibu habari yote: wangapi wamelipa mwezi huu. EverQuest iliipita Ultima Online kabla mwaka 1999 haujaisha, na baadaye ikavuka walipa ada 400,000. Ultima Online kilele chake kilikuwa kama 250,000. Kwa siku zile hizo zilikuwa namba za kutisha.

Lakini namba zenyewe zilidondoka kwa matone. Kampuni ilitangaza ikiwa inapanda, ikanyamaza ikiwa inashuka. Mwandishi wa habari alidaka neno kutoka kwa meneja katika maonyesho, akaliandika bila kuuliza maana yake. Aliyeyakinga matone hayo kwa bidii kuliko wote ni Mmarekani Bruce Sterling Woodcock, mchambuzi wa kujitegemea. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi 2008 alichapisha, toleo baada ya toleo, chati alizoziita MMOGCHART: mstari mmoja kwa kila mchezo, miezi kwenye mhimili wa chini, walipa ada kwenye mhimili wa wima. Vyanzo vyake vilikuwa taarifa za kampuni, ripoti za fedha, habari za magazeti, na watu wa ndani ambao hawakutaka kutajwa. Waandishi walizinukuu chati hizo, na wasomi wakaziweka kwenye makala zao. Kwa miaka kadhaa, yeyote aliyetaka kusema lolote kuhusu ukubwa wa soko hilo ilibidi apitie kwake.

Ukizitazama kwa haraka unaona mistari ya rangi tu. Ukitulia unaona uamuzi ndani ya kila mstari. Kampuni imetangaza Machi, ikanyamaza mpaka Novemba. Katikati utaweka nini? Mstari ulionyooka? Au utapandisha mstari pale walipotoa nyongeza mpya ya mchezo, kisha uushushe kidogo waliorudi kwa udadisi wanapochoka? Michezo mikubwa ilipewa chati yake na midogo chati yake, kwa sababu mchezo wa watu 20,000 ukiwekwa karatasi moja na ule wa mamilioni, mstari wake unalala juu ya mhimili wa chini hata usiuone. Mtu asiyejali angeiacha hiyo midogo. Woodcock hakuiacha, na bila hiyo midogo hakuna jumla ya soko, na bila jumla ya soko hakuna mgawo wa kukokotoa.

Sehemu ninayoipenda zaidi ni namna ya kusoma tangazo. World of Warcraft ilianza Marekani Novemba 2004, ikapanda kwa kasi ambayo haikuwahi kuonekana, na Januari 2007 kampuni ya Blizzard ikatangaza walipa ada zaidi ya milioni 8. Tangazo likafafanua: zaidi ya milioni 2 Amerika Kaskazini, zaidi ya milioni 1.5 Ulaya, zaidi ya milioni 3.5 China. Msomaji wa kawaida anasoma “milioni 8” na kwenda zake. Mkadiriaji anajumlisha: mbili, moja na nusu, tatu na nusu, ni saba. Iliyobaki, karibu milioni moja, iko wapi? Iko Korea, Taiwan na kwingineko ambako tangazo halikupataja. Kwa kutoa tu, amepata namba ambayo hakuna aliyempa. Na kwa kuwa kila namba imetanguliwa na “zaidi ya”, anajua kila moja imepunguzwa kidogo ili iwe ya mviringo, jumla pia, kwa hiyo hiyo milioni moja ni kadirio, si hesabu kamili.

Mwaka mmoja baadaye, Januari 2008, likaja tangazo la milioni 10: zaidi ya milioni 2 Ulaya, zaidi ya milioni 2.5 Amerika Kaskazini, na kama milioni 5.5 Asia. Hapa ndipo mtu mwenye pupa anapojikwaa. Anaweka 3.5 ya mwaka uliotangulia kando ya 5.5 ya mwaka huu na kuandika kwamba China imeongeza watu milioni 2. Tangazo la pili halikusema China, limesema Asia. Ukirudisha Korea na Taiwan mahali pao, Asia ya mwaka uliotangulia ilikuwa karibu milioni 4.5, na ongezeko linabaki kama milioni moja tu. Nusu ya ukuaji ule ulioshangiliwa ilitokana na kubadilisha jina la safu. Sidhani kama Blizzard walikusudia kumpoteza mtu. Ila aliyelinganisha vichwa vya safu kabla ya kulinganisha namba ndiye aliyeipata sawa.

Kisha kuna maelezo ya chini, yale ya herufi ndogo. Blizzard walieleza humo nani wanamhesabu: aliyelipa ada au mwenye kadi ya malipo ya kabla ambayo bado inafanya kazi, aliyenunua mchezo na bado yumo katika mwezi wake wa bure, na mchezaji wa mkahawa wa intaneti aliyeingia mchezoni ndani ya siku 30 zilizopita. Waliomo kwenye ofa za bure na ambao muda wao umekwisha hawakuhesabiwa. Ni maelezo safi, kuliko ya washindani wao wengi, na yanastahili sifa. Lakini yaliweka katika kapu moja watu wawili tofauti sana. Kijana wa Ohio alilipa dola 14.99 kila mwezi, acheze asicheze. Kijana wa China alinunua kadi ya yuan 30, kama dola 4 kwa viwango vya wakati ule, akapata dakika 4,000. Angeweza kuzimaliza kwa wiki mbili, au kuzitumia kidogo kidogo kwa miezi. Wote wawili ni “mmoja”.

Wasomaji wa huku kwetu hawahitaji maelezo marefu hapa. Ni kama laini ya simu isiyo ya mkataba: unaweka vocha unapopata fedha. Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya huihesabu laini kuwa hai kwa kutazama kama imetumika ndani ya miezi mitatu iliyopita, na laini hai nchini humo zimezidi idadi ya watu. Hakuna aliyedanganya. Watu wana laini mbili, na hesabu ni ya laini, si ya vichwa.

Korea ilikuwa fumbo zaidi. Lineage, mchezo wa NCsoft ulioanza 1998, ulitajwa kuwa na walipa ada zaidi ya milioni 3 ulipokuwa kileleni, namba iliyowafanya Wamarekani wakune vichwa. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya uchezaji ilifanyika katika mikahawa ya intaneti, waiitayo PC bang, na huko aliyelipa kampuni alikuwa mwenye mkahawa, kwa kila kompyuta. Kiti kimoja kikikaliwa na watu sita kwa siku, uipe kampuni mteja mmoja au sita? Majibu yote mawili yanaweza kutetewa. Kosa ni kutumia moja kwa Korea na jingine kwa Ulaya, kisha kuyaweka kwenye chati moja bila kumwambia msomaji.

NCsoft, hata hivyo, walikuwa rafiki wa mkadiriaji kwa njia nyingine. Wakiwa kampuni ya soko la hisa, ripoti zao za robo mwaka zilionyesha mapato ya kila mchezo peke yake. Mwenye mapato na ada anaweza kutafuta watu. Tuchukue mfano wa kubuni: mchezo umeingiza dola milioni 9 kwa robo mwaka, ada ni dola 15. Miezi mitatu ni dola 45 kwa mtu. Gawanya, unapata watu 200,000. Mwanagenzi angeishia hapo. Fundi anaanza kukwangua. Katika hizo milioni 9, mauzo ya diski ni kiasi gani? Hayo ayatoe. Wangapi wamelipia miezi sita kwa mkupuo wakapewa punguzo? Kwa hao wastani wa ada ni mdogo, kwa hiyo watu ni wengi kuliko alivyodhani. Wateja wa Ulaya wanalipa kwa euro, na ndani yake mna kodi ambayo haihesabiwi kuwa mapato ya kampuni. Wahasibu nao wana desturi ya kutandaza mauzo ya diski juu ya miezi kadhaa, hivyo mapato ya robo hii yanaweza kuwa yametoka robo iliyopita. Akimaliza kukwangua hana tena 200,000. Ana kati ya 160,000 na 210,000, na anaiandika hivyo hivyo, kwa upana wake. Mimi humwamini zaidi huyo.

Wapo ambao hawakusubiri ripoti ya mtu. Waliingia mchezoni wakahesabu.

World of Warcraft ilikuwa na amri ya kuandika kwenye dirisha la maongezi, “/who”, yaani nani yumo. Ukiiandika pamoja na ngazi fulani, unapewa majina ya waliomo wakati huo, pamoja na jamii yao na kazi yao. Lakini orodha ilikomea kwenye majina kama 50. Ukiuliza nani yuko ngazi ya 60, iliyokuwa ya juu kabisa wakati huo, orodha inajaa, na orodha iliyojaa haikuambii kitu zaidi ya kwamba wapo wengine. Basi unapasua swali: ngazi ya 60, wa jamii ya Night Elf tu. Bado inajaa. Unapasua tena: Night Elf wawindaji. Bado. Unakwenda kwa herufi za majina, mpaka kila jibu lirudi pungufu ya kikomo, ndipo unajua umefika chini. Halafu unahamia kundi jingine. Ukimaliza upande wa Alliance, hujaona hata mtu mmoja wa Horde, upande hasimu, maana amri hiyo ilionyesha watu wa upande wako tu. Inabidi uwe na mhusika upande wa pili na uanze upya. Wakati wewe unapasua maswali, wengine wanaingia na wengine wanatoka.

Mashabiki waliandika programu ndogo ya kufanya kazi hiyo, CensusPlus, na wachezaji wa kawaida waliiacha ikihesabu huku wao wakivua samaki au wakingoja wenzao. Watafiti wa PARC huko California, wakiwemo Nicolas Ducheneaut na Nick Yee, walitumia njia hiyo hiyo katika mradi wao wa PlayOn kuanzia 2005, wakifuatilia seva tano na maelfu mengi ya wahusika. Hawakuwa wakitafuta mgawo wa soko. Walitaka kujua watu wanafanya nini humo ndani, na wakagundua kwamba wengi hucheza peke yao katikati ya umati. Hata hivyo mbinu yao ni somo kwa yeyote anayehesabu umati asioruhusiwa kuuona wote kwa mara moja.

Na baada ya kupata wahusika, bado hujapata watu. Mhusika wa ngazi ya 1 anayeonekana kila siku, mahali pale pale karibu na sanduku la posta au nyumba ya mnada, si mchezaji mgeni. Ni stoo. Mwenyewe yuko mbali na mhusika wake mkubwa, na huyu mdogo amewekwa ashike mizigo. Wahesabuji walijifunza kuwatambua watu wa namna hiyo kwa tabia zao: hawapandi ngazi, hawasafiri, hawajiungi na safari za wengine. Kuwatoa kwenye hesabu kulihitaji mtu anayeujua mchezo wenyewe. Mtaalamu wa takwimu asiyewahi kucheza angewahesabu wote.

EVE Online ya Iceland, iliyoanza Mei 2003, ilikuwa zawadi kwa watu hawa. Wachezaji wake wa dunia karibu yote walikuwa kwenye seva moja, Tranquility, na idadi ya waliomo ilionyeshwa wazi kabla hujaingia. Kampuni yake, CCP, iliajiri hata mchumi, Eyjólfur Guðmundsson, mwaka 2007, akawa anatoa ripoti za uchumi wa dunia hiyo ya kubuni. Februari 2013 CCP walitangaza walipa ada zaidi ya 500,000. Mei mwaka huo rekodi ya walioingia kwa wakati mmoja ikafika 65,303. Ukigawanya, unapata mmoja kati ya wanane hivi, na unaweza kushawishika kuichukua nisba hiyo ukaipachike kwenye mchezo mwingine unaojua waliomo tu. Ngoja kwanza. China ilikuwa na seva yake, Serenity. Wachina wamo ndani ya zile 500,000 lakini hawamo ndani ya 65,303. Na wachezaji wa EVE wana desturi ya kumiliki akaunti mbili, tatu au zaidi na kuziendesha pamoja. Nisba hiyo ni ya EVE peke yake, tena si sahihi hata kwa EVE.

Mgawo wa soko ni hesabu ya mwisho, nayo ndiyo ya hatari zaidi kwa sababu inaonekana rahisi. Aprili 2008 chati za Woodcock zilikadiria kwamba World of Warcraft ilishika asilimia 62 ya soko la walipa ada. Asilimia hiyo ilisambaa kila mahali, na waliokuwa wakiomba fedha za kutengeneza mchezo mpya bila shaka waliijua kwa moyo. Lakini kabla ya kuitumia unatazama kilicho chini ya mstari. Guild Wars, iliyotoka 2005, iliuzwa mara moja bila ada ya mwezi, kwa hiyo haikuwa na mahali pa kukaa katika soko la walipa ada, ingawa wachezaji wake walikuwa ni watu wale wale ambao wangeweza kulipia mchezo mwingine. Ukihesabu fedha badala ya vichwa, yule wa kadi ya yuan 30 hana tena uzito sawa na wa dola 14.99, na mgawo wa kila mchezo unasogea. Asilimia 62 ilikuwa jibu sahihi la swali moja tu. Woodcock mwenyewe alitaja swali lake wazi. Walionukuu ndio walioliacha njiani.

Fani ikaanza kukosa malighafi. Star Wars: The Old Republic ilifunguliwa Desemba 2011, ikatangaza watu milioni 1.7 Februari 2012, milioni 1.3 Mei, na kabla ya mwisho wa kiangazi ilikuwa chini ya milioni moja. Wakati huo huo seva zake zilikuwa zinaunganishwa. Novemba mwaka huo ikafungua mlango wa kucheza bure. Wengi walifuata njia hiyo, na mchezo wa bure hauna mlipa ada wa kuhesabu: una mtu aliyenunua kofia ya dola 5 mara moja, na mwingine aliyetumia mamia. World of Warcraft yenyewe, baada ya kupanda hadi milioni 12 Oktoba 2010, ilishuka mpaka milioni 5.5 katika robo ya tatu ya 2015. Wamiliki wake, Activision Blizzard, wakasema hiyo ndiyo mara ya mwisho kutaja idadi hiyo.

Siku hizi zipo kurasa zinazokupa idadi ya wachezaji wa mchezo wowote, leo hii, mpaka tarakimu ya mwisho, bila kueleza imetoka wapi. Sizihesabu kuwa sehemu ya fani hii. Machi 2024, katika mkutano wa watengeneza michezo wa GDC mjini San Francisco, John Hight wa Blizzard alionyesha mchoro wa walipa ada wa World of Warcraft kwa miaka iliyopita. Mhimili wa wima haukuwa na tarakimu. Mashabiki wakaichukua picha ya mchoro huo, wakaupima nukta kwa nukta, wakasema ni zaidi kidogo ya milioni 7, na wakaonyesha hesabu yao ili anayetaka aikosoe. Hiyo milioni 7 ndiyo ninayoitumia mimi mpaka atokee mwenye kipimo bora.